Nilitema Wiski ya Mahari Yangu, Baba Akainywa

Nina miaka thelathini na minne. Sijaolewa, sina mtoto, sina kazi, na kila asubuhi namshika baba yangu mkono hadi chooni kwa sababu hawezi kuiona njia. Jina langu ni Wawira, wa Embu. Naandika nikiwa na hasira, na hasira hiyo sitaiombea radhi. Anayetaka kisa cha kusamehe na kusahau afungue ukurasa mwingine!

Wacha nianze na ulimi, maana ndio chanzo cha yote.

Baba, Mzee Njeru, ni mkulima wa kahawa na mfugaji wa nyuki. Mimi humwita Baba, naye huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinipaka asali kiganjani, ananiambia nifumbe macho, nilambe, nimwambie nyuki walitua kwenye maua gani. Ya kahawa? Ya mgunga wa kule chini Mbeere? Ya mkaratusi? Nikipatia, anacheka hadi kofia inamdondoka. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba urithi wangu alishanipa mapema, nao ni pua yake.

Pua hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Nilikuwa msimamizi wa baa katika hoteli moja pale Makutano, Meru mjini. Jumamosi mchana chama cha wapenda wiski kilikuwa kikikodi chumba cha juu. Msidhani ni walevi! Walikuwa madaktari, mawakili, wafanyabiashara wa miraa. Walionja wiski za Uskoti, zile za nyanda za juu wanazoziita single malt, yaani za shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja. Tena si changa. Zilikuwa zimekaa kwenye pipa miaka kumi na minane, nyingine ishirini na mitano. Wananusa, wanaonja kidogo, wanabishana, kisha wanaipa alama juu ya mia.

Kiongozi wao aliitwa Mutwiri. Kijana mrefu, shati limenyooka, sauti ya mtangazaji wa redio. Alikuwa akijirekodi video anaonja wiski, na mtandaoni watu walimwamini kama mchungaji.

Siku moja alinusa glasi akasema kuna asali ndani. Mimi nilikuwa napanga glasi nyingine, na maneno yakanitoka tu. Nikasema si asali hivi hivi, ni asali iliyoungua kidogo sufuriani, na nyuma yake kuna nta ya mzinga mzee. Mutwiri akanusa tena. Akanitazama. Kisha akavuta kiti akaniambia niketi.

Laiti ningeendelea kupanga glasi zangu!

Alinifundisha mambo yao. Glasi yenye tumbo na shingo nyembamba, uishike shina lake ili mkono usiipashe moto. Unuse mdomo ukiwa wazi kidogo. Utie matone mawili matatu ya maji, ungoje, kwa sababu wiski iliyozeeka haipendi kuharakishwa, ni kama mzee anayetaka kusalimiwa kwanza. Hayo alinifundisha yeye. Mengine nilikuja nayo kutoka nyumbani.

Haikupita muda tukawa wapenzi. Kabla ya kurekodi tulikuwa tukikaa wawili, mimi naonja, nasema ninachokiona, natoa alama. Kisha yeye anawasha simu na kuyasema kama yake. Ulimi wangu, sura yake. Iliniuma? Wala! Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimi nilikuwa nakohoa mji mzima ukisikia.

Chupa ikiisha alinipa niisuuze. Alitaka iwe safi kabisa, nirudishe kizibo, niirudishe kwenye boksi lake bila kulikunja. Aliniambia ana kabati la kioo nyumbani, anaziweka kama ukumbusho. Mimi huyu huyu nilizisuuza! Kwa maji ya moto! Nikiimba!

Kulikuwa na moja ya miaka ishirini na mitano ambayo sitaisahau. Ganda la chungwa, nta, tumbaku kavu kama ile ya babu, na utamu uliobaki kooni hadi nikafika nyumbani. Niliipa tisini na nne, alama ambayo sikuwahi kuipa nyingine. Nilipokuwa naisuuza, kitambaa kibichi kikachana pembe ya lebo yake, chini kulia, kipande kama ukucha. Nikaomba msamaha hadi machozi yakanilenga. Mutwiri akacheka, akanibusu kwenye paji la uso, akasema lebo si kitu. Ishikeni akilini pembe hiyo.

Aliposema anataka kuja kwetu kutoa mahari, nilipiga simu nyumbani nikiwa nalia. Ninyi mnajua msichana wa miaka thelathini na tatu anavyotazamwa huku kwetu? Shangazi zangu waliniuliza kila Krismasi kama nitazeekea jikoni kwa mama yangu. Mamangu, mama wa kanisa, aliniombea kwa sauti mbele ya kikundi chake hadi nikatamani ardhi inimeze. Baba peke yake hakusema kitu. Lakini nikiwa nyumbani nilimwona jinsi alivyotazama barabara kila gari lilipopita.

Sasa, kwa wasiojua desturi yetu. Siku ya mahari, wakwe huleta kinywaji. Zamani kilikuwa pombe ya asali, siku hizi kila mtu analeta anachojivunia. Lakini hakuna mzee anayegusa kinywaji hicho kabla msichana hajaitwa. Anaulizwa mbele ya watu wote kama kinywewe. Akionja na kusema kinywewe, basi amemkubali mwanamume yule, na wazee wananywa kwa neno lake. Ni ulimi wa msichana unaofungua kinywaji. Mmeelewa? Wazee wa koo mbili wanakabidhi matumbo yao kwa ulimi wa msichana mmoja.

Na Mutwiri alilijua hilo. Nilimweleza mimi mwenyewe.

Walikuja kwa magari kutoka Meru, wakapitia Nkubu na Chuka, wakipiga honi tangu barabara kuu. Watu wa kanisa tuliwaweka kwenye hema mbele ya nyumba na soda zao. Wazee wakaketi nyuma, karibu na stoo ya kahawa, ili mchungaji asione asichotaka kuona. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Ireri, mtu wa maneno mengi na subira ndogo.

Mutwiri akasimama na boksi. Akawaambia wazee kwamba wengine huleta kreti za bia, lakini yeye amemletea baba mkwe wiski ya miaka ishirini na mitano, kutoka nyanda za juu za Uskoti. Akasema, kwa ile sauti yake ya video:

"Wazee wangu, kinywaji hiki kina umri wa kuoa!"

Wazee wakacheka wakapiga makofi. Akaitoa chupa... na mimi nikaona lebo. Chini kulia. Pembe imechanika, kipande kama ukucha.

Nikajiambia, Wawira, lebo huchanika. Usianze. Leo ni siku yako.

Baba mdogo Ireri akamimina glasi moja akanipa. Akauliza kwa sauti, kama desturi inavyotaka:

"Wawira, kinywaji hiki kimeletwa kwa jina lako. Tukinywe?"

Nikanusa. Hakukuwa na chungwa. Hakukuwa na nta wala asali wala pipa. Kulikuwa na sukari iliyounguzwa, ya kuleta rangi tu, na chini yake harufu ya duka la rangi za nyumba. Nikaonja tone. Likanichoma mdomo.

Nikainua macho nikamtazama Mutwiri. Naye ananitazama. Akainamisha kichwa kidogo tu, hivi, kuniambia nimeze.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndiyo sababu ya hasira hii ambayo haitaki kuzima. Yule mtu aliujua ulimi wangu kuliko mtu yeyote. Alikuwa amekula mkate kwa huo ulimi! Alijua kwamba nitajua. Na bado akaileta. Alipiga hesabu kwamba mwanamke wa umri wangu, mbele ya ukoo mzima, mama yake akiwa amefunga kitambaa kipya kichwani, hawezi kutema. Atameza tu, aseme kinywewe.

Nilitema. Nilitema kwenye leso yangu ya siku ya mahari, nikasema, "Msinywe."

Mngeona ghadhabu! Wajomba wa Mutwiri wakasimama. Shangazi yangu akanifinya mkono akininong'oneza kama nimerogwa. Nikarudia kwamba hii si wiski, ni kitu kingine, ni kibaya. Mutwiri, bila hata jasho, akaangua kicheko.

"Mnisamehe, wazee. Kazi imemwingia kwenye damu. Hata mahari yake anaipa alama!"

Nao wakacheka! Watu wangu mwenyewe! Baba mdogo Ireri akanikemea niache kuaibisha wageni waliotoka mbali.

Ndipo Baba aliposimama. Akaja akaichukua glasi mkononi mwangu, akafumba macho, akainusa vile anavyonusa asali. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, asante Mungu, pua yenyewe imefika, sasa watasikia.

Akafumbua macho akanitazama... muda mrefu. Kisha akawageukia wageni akasema, "Mtoto ana wasiwasi wa siku kubwa. Kinywaji ni kizuri." Akainywa yote. Akanyoosha glasi aongezwe, na Ireri akamwongeza, naye akainywa hiyo pia.

Nilipiga yowe. Nikaivamia meza, nikainyakua chupa, nikaimwaga yote mchangani mbele ya wazee kabla mwingine hajapata. Kwetu, msichana akimwaga kinywaji cha mahari amemfukuza mwanamume huyo, na hakuna wa kuwarudisha pamoja. Wanawake walilia kama kwenye msiba. Wageni wakaingia kwenye magari yao wakitukana.

Lakini mimi niliona jambo moja, na nitaliona hadi nife. Ireri alipomwongeza Baba akataka kummiminia na Mutwiri, yeye alifunika glasi yake kwa kiganja. Ati anaendesha gari! Alikuja na dereva! Na Baba alipoinua glasi ya pili, Mutwiri alitazama viatu vyake. Neno moja tu lingetosha. "Mzee, acha." Maneno mawili basi! Alikuwa na kinywa cha kuongelea wiski tangu asubuhi hadi jioni, na siku hiyo kikakosa maneno mawili?

Jioni hiyo nyumba yote ilinigeuka. Mamangu alijifungia chumbani. Ireri akasema nina kiburi cha mjini. Baba akawaambia waniache, akalalamika kichwa na tumbo, akasema ni uchovu, akalala mapema.

Asubuhi nilimpelekea chai. Madirisha yalikuwa wazi, jua limejaa hadi kwenye blanketi. Akageuza uso kunifuata kwa sauti ya miguu yangu, akasema, "Mama, mbona hamjafungua madirisha?"

Kikombe kilinianguka.

Hospitalini daktari alisema ni spiriti ya kiwandani, ile isiyofaa kunywewa na mtu. Walimpigania Baba kweli kweli, Mungu awabariki. Maisha yake waliyaokoa. Macho hawakuweza.

Mimi nilikwenda polisi na chupa yangu yenye lebo iliyochanika. Walipofika kwenye nyumba aliyokodi Mutwiri nyuma ya Makutano, hakukuwa na kabati la kioo. Kulikuwa na mitungi ya spiriti, sufuria ya sukari iliyoungua, na chupa... zile chupa zangu, safi, zimepangwa ukutani zikingoja kujazwa na kuuzwa kwenye harusi za watu. Zile alizokuwa akionja na marafiki zake zilikuwa za kweli. Za kwetu zilikuwa hizo.

Akajitetea ati kwa kawaida anatumia spiriti safi, ni mzigo huo mmoja tu uliokuwa mbaya. Mzigo mmoja! Macho ya baba yangu yanaitwa mzigo mmoja! Na kabla hajakamatwa alikuwa ameniandikia ujumbe ambao bado ninao: "Ungemeza tu, Wawira. Wazee wa kahawa hawajui tofauti."

Hawajui tofauti!

Kesi inaahirishwa. Leo wakili anaumwa, kesho shahidi hayupo. Mutwiri yuko nje kwa dhamana, na mimi hoteli iliniambia nipumzike kidogo hadi mambo yatulie, nikapumzika hadi leo. Juzi binamu yangu akanionyesha simu. Nikamwona yule mtu, shati limenyooka, ameshika glasi kwa shina. Anasema kuna asali iliyoungua kidogo sufuriani, na nyuma yake nta ya mzinga mzee...

Maneno yangu! Nilifundishwa na mzee ambaye sasa anapapasa ukuta akitafuta mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe! Na chini ya video watu wanamwekea mioyo na makofi. Nilitaka kuivunja ile simu, binamu akaninyang'anya.

Lakini kuna jambo lililoniumiza kuliko hilo. Kuna alasiri tulikuwa tumekaa kibarazani, mimi na Baba, nikamuuliza swali lililokuwa limenikaba. Pua hii ni yako, Baba. Uliinusa. Ilikuwaje usijue?

Akagusa pua yake kwa kidole.

"Nilijua ilipofika hapa," akasema. "Nilidhani ni pombe mbaya tu, mama. Pombe mbaya nimekunywa nyingi maishani. Nikasema, nikiikataa na mimi, nani atakuja tena kwa mtoto wangu?"

Nilikwenda nyuma ya stoo ya kahawa nikalia kwa hasira hadi sauti ikakauka. Tangu siku hiyo hasira yangu si ya Mutwiri peke yake. Ni ya wote waliohesabu miaka yangu! Ni ya shangazi waliouliza kila Krismasi, na ya maombi yale ya kunitangaza, na ya wazee waliocheka nilipowaambia msinywe. Ninyi ndio mliomwinulia Baba glasi ile mkono hadi mdomoni. Mutwiri aliileta tu.

Dada yangu unayesoma hapa, mwanamume akitumia kipaji chako kwa jina lake, mmulike vizuri. Ukionja kitu ukajua ni kibaya, kiteme, hata kama hema limejaa na keki imekatwa. Na usiteme kwa adabu kama mimi! Mwaga chupa hapo hapo, kabla anayekupenda hajainywa kwa ajili yako. Nanyi wazazi, tafadhali... binti akiwaambia msinywe, msinywe. Afadhali mtoto azeekee jikoni kwenu mkimwona. Baba yangu ananipenda, na hajauona uso wangu tangu siku aliponipigania nisibaki peke yangu.

Sasa naweka kalamu chini, chai imeletwa. Tangu atoke hospitalini Baba hanywi kitu kabla sijakionja, si chai, si uji, si maji ya mtungini. Nilipojaribu kumwambia hapa ni nyumbani, aogope nini, alisema haogopi, ila anataka iwe kwa neno langu.

Ameketi hapa kando yangu. Ameelekeza uso upande ambao mimi sipo, na ananiuliza kwa ile sauti ya msemaji wa mahari, kwa utani, kama anavyouliza kila siku:

"Wawira, tukinywe?"

Naonja. Maziwa, tangawizi, sukari imezidi kidogo. Namshikisha kikombe kwa mikono yake miwili.

"Kunywa, Baba."